Kitabu Hakilimwi Ngwe

Kitabu hakilimwi ngwe. Mmeyasikia maneno hayo jana kwa mama Luvanda, wakati wanawe watatu walipokaa kikao cha kugawana kumuuguza mama yao. Huyu atalipa hospitali, huyu atamlimia shamba, huyu atapita Jumapili kumjulia hali. Shangazi yao akawasikiliza hadi mwisho, akasema maneno hayo matatu, akachukua kikombe chake cha chai akaingia ndani kwa mgonjwa. Nyinyi mkacheka. Mkasema mama si kitabu, wala kitabu si shamba, shangazi kazeeka.

Shangazi hajazeeka. Kaeni hapo juu ya magogo, mbao zinaweza kungoja. Msemo huu haukuletwa na watu wa mjini. Ulizaliwa hapahapa Ikangalo, na aliyeuzaa mnamfahamu: ni Fidea Mgaya, yule anayeuza mbegu za viazi sokoni, ambaye hakupunguzii bei hata ukilia. Chanzo chake ni hiki.

Fidea alikuwa darasa la sita. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye kusema neno moja likatosha, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mama yake hakuujulia dawa: alipenda kusoma. Akitumwa chumvi alirudi akisoma gazeti lililofungiwa chumvi. Siku moja alisoma hivyo mpaka akapitiliza nyumba yao, akaitwa na jirani.

Miaka hiyo shule za kata yetu zilikuwa na sanduku moja tu la vitabu vya hadithi. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kufuli, nalo lilizunguka kwa zamu, likifungwa nyuma ya baiskeli kutoka shule hadi shule. Lilipokuwa Ikangalo, Fidea alikopa kitabu cha ndugu wawili walioondoka kwao na fahali mmoja. Alisoma jioni, akasoma akichunga, akafika mahali ambapo ndugu mkubwa amekwisha kuvuka mto na mdogo amebaki ng'ambo ya huku, kamba mkononi, fahali kagoma, maji yanapanda. Hapo ndipo mwalimu alipotangaza kwamba zamu imekwisha. Sanduku likaenda shule ya Mtulingo, na yule kijana akaenda nalo, amesimama palepale mtoni na kamba yake.

Kwa mwaka mzima Fidea hakumsahau. Alipokwenda kuteka maji mvua ikiwa imenyesha, alitazama mto akamfikiria. Alimwuliza mama yake kama fahali aliyegoma huvuka. Mama yake akamjibu kwamba inategemea nani kashika kamba, kisha akamwuliza kwani wamepata wapi fahali. Fidea akaona hapo hapana msaada.

Basi mwaka uliofuata akaja Bi Mahimbo, mratibu wa elimu wa kata, mama mnene mwenye sauti ya kengele. Akasimama mbele ya wanafunzi asubuhi akasema habari za zamu zimekwisha, maana vitabu vinachakaa njiani. Yatafanyika mashindano ya kusoma, timu kwa timu, watoto wanne kila shule. Shule itakayoshinda italiweka sanduku mwaka mzima. Kila shule itapewa nakala moja ya kitabu kilekile, mashindano ni baada ya mavuno ya maharage, na siku hiyo timu zitaulizwa. Akamalizia kwa kusema: timu ikisome kitabu chote.

Mwalimu Chaula akawachagua wanne. Fidea awe kiongozi. Wa pili Osmundi, mtoto wa mpasua mbao, mwenye mdomo usiopumzika. Wa tatu Gwido, mpole, aliyeshika kila alichosikia. Wa nne Yusta, na hapo watu waliguna, kwa sababu Yusta alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Mwalimu Chaula alipoulizwa alisema tu kwamba Yusta akishasoma kitu hakimtoki.

Kitabu kikakabidhiwa kwa Fidea. Kilikuwa kinene, hadithi ya mwanamke mfinyanzi. Kitabu kimoja, watoto wanne, na nyumba zao ziko mbalimbali kama mnavyoijua Ikangalo: mmoja huku bondeni, mwingine kule kwenye misitu ya mbao, mwingine ng'ambo ya mashamba ya pareto. Wakakaa chini kufikiri watakisomaje.

Sasa, nyinyi mmesoma shule zisizo na shamba, kwa hiyo niwaeleze. Wakati huo kila Alhamisi ilikuwa siku ya kazi. Mwalimu wa zamu alitembea na fimbo ya kupimia, akimkatia kila mtoto ngwe yake, kipande chake cha shamba cha kulima. Ukimaliza ngwe yako unaweka jembe begani unakwenda nyumbani. Huulizwi ya jirani yako. Jirani akikutana na kisiki, hicho ni kisiki chake. Na jioni mwalimu mkuu akitazama, shamba lote limelimwa. Hivyo ndivyo tulivyolima shuleni, na hivyo ndivyo tulivyojua kufanya kazi ya watu wengi.

Kwa hiyo watoto wale walipoambiwa timu ikisome kitabu chote, hawakupata taabu yoyote. Fidea alikifungua kitabu, akakadiria kwa vidole, akasema kitoke ngwe nne.

Wakampelekea baba mdogo wa Fidea, fundi viatu Eliki. Mzee Eliki alikuwa na kisu cha kukatia ngozi, kikali hata cha kunyolea ndevu. Alikigeuza kitabu mikononi, akatazama gamba lake jipya, akawatazama watoto.

Akawauliza kama wana hakika. Fidea akamwambia, "Baba mdogo, wamesema timu ikisome chote. Na sisi tuko wanne."

Mzee Eliki hakuwa mtu wa kubishana na maneno ya shule. Akakipasua kitabu mgongoni, taratibu, kama anayetoa soli kuukuu, kikawa vitabu vinne vyembamba. Kila kimoja akakishona kwa uzi wa nta na kukivisha gamba la karatasi ya mfuko wa saruji. Vilipendeza. Osmundi akachukua cha kwanza, Yusta cha pili, Gwido cha tatu, na Fidea, ambaye alikuwa amechoka na hadithi zisizo na mwisho, akajipa cha mwisho.

Niwaambie ukweli, watoto wale hawakuwa wavivu. Kila mmoja alilima ngwe yake hadi ikang'aa. Osmundi aliweza kuisema ya kwake huku akipanga mbao. Gwido aliisema usingizini, dada yake alilalamika. Yusta aliimaliza ya kwake mwisho kabisa, wenzake wakimtania kwamba mfinyanzi atazeeka kabla hajafika ukurasa wa pili, lakini aliimaliza. Walipokutana shuleni waliulizana jambo moja tu: umemaliza? Nimemaliza. Basi. Mwalimu Chaula naye alikuwa na darasa la watoto wengi kuliko madawati, akawauliza kama kitabu kimekwisha, wakamjibu kimekwisha chote, akafurahi.

Mara moja tu palitokea dalili. Walikuwa wakirudi nyumbani, Osmundi akawa anamtukana mama mkwe wa yule mfinyanzi, akisema hajaona kikongwe mbaya kama yule. Fidea akashangaa, akamwambia kwamba yule bibi ni mtu mwema sana, hata ukimsoma unataka kumbebea kuni. Wakabishana mpaka njia panda. Osmundi akasema, "Bibi yako na bibi yangu si mmoja." Wakacheka, wakaachana.

Mashindano yalifanyika Mtulingo. Wazazi walikuja, maana ni msimu ambao maharage yamekwisha kuingia ndani na mtu anaweza kutoka. Mama yake Fidea alikuwepo, kajifunga kitenge cha kanisani. Sanduku lenyewe liliwekwa juu ya meza mbele ya watu, kufuli limesuguliwa. Fidea aliliona toka mlangoni, na tangu hapo hakuona kitu kingine. Alijua kitabu chake kiko upande gani: chini, kulia, gamba la kijani limepasuka pembeni. Alijisemea moyoni kwamba jioni ya siku hiyo yule kijana atatoka mtoni, awe amevuka au amezama, lakini atatoka.

Bi Mahimbo alieleza utaratibu. Asubuhi ni maswali. Majina ya watoto yamo ndani ya kopo la maziwa. Jina litakalotoka, mwenyewe ndiye atakayejibu, na wenzake wafunge midomo. Maswali ni yaleyale kwa wote, hivyo timu zinazongoja zitakaa nje. Mchana kila timu itasimulia hadithi kwa kupokezana. Yeye atagonga kengele popote apendapo, aliyekuwa anasema anyamaze, na mwingine aendelee palepale.



Zamu ya Ikangalo ilipofika, kopo lilimtoa Fidea mwenyewe. Akaulizwa kwa nini vyungu vya mfinyanzi vilikuwa vikipasuka motoni. Hilo lilikuwa katika ngwe ya Osmundi. Fidea alisimama. Osmundi pembeni yake alijikunja kama mtu mwenye tumbo la kuhara, jibu limemjaa mdomoni na hana ruhusa ya kulitema. Fidea akasema hajui. Watu wakaguna, maana waliambiwa huyo ndiye kiongozi.

Likatoka jina la Gwido, akaulizwa mfinyanzi alikuta nini ndani ya mzigo wake njiani. Hilo lilikuwa la Yusta. Gwido akabuni, akasema alikuta viazi. Kisha kopo likamtoa Yusta, na kwa bahati swali likaangukia ndani ya ngwe yake. Alijibu polepole, akajibu sawasawa, Ikangalo wakapata alama.

Mwisho akatoka Osmundi. Bi Mahimbo akauliza kwa nini yule mama mkwe alilia mwishoni aliposhika chungu.

Osmundi alifikiri. Alimjua yule kikongwe vizuri, alikuwa ameishi naye majuma kadhaa.

"Hawezi kulia yule," akasema. "Labda ni moshi."

Ukumbi ulicheka mpaka watoto wachanga wakaamka. Hata mama yake Fidea alicheka, akajificha na kitenge. Watoto wa Mtulingo hawakucheka. Waliwatazama tu kwa mshangao, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati nje ndani. Wao walikuwa wamejibu maswali yote isipokuwa hilohilo la machozi. Kiongozi wao, msichana anayeitwa Imelda, ndiye aliyekuwa amejibu kwamba bibi alilia kwa furaha ya kumwona mkwewe, na Bi Mahimbo akasema jibu hilo halijafika.

Wakati wa chakula Mwalimu Chaula aliwachukua watoto wake nyuma ya jiko la shule. Hakuwa amekasirika, alikuwa na wasiwasi kama watoto wake wameugua. Akamwomba Fidea ampe kitabu. Fidea akafungua mfuko, akatoa vitabu vinne vya karatasi ya saruji, akavipanga juu ya gogo.

Mwalimu Chaula alivitazama. Akakinyanyua kimoja, akakirudisha, akanyanyua kingine.

"Nani kawaambia kitabu ni shamba?" akauliza.

Fidea alikuwa anapigana na machozi. "Mwalimu, walisema timu ikisome chote. Tumekisoma chote. Hakuna hata ukurasa uliobaki."

"Chote kimesomwa," Mwalimu akasema. "Nakubali. Sasa niambieni, nani amekisoma?"

Wakatazamana. Mwalimu akaketi kwenye lundo la kuni, akaanza kucheka. Alicheka hadi akatoa leso. Fidea alimchukia kidogo wakati ule, ila baadaye alikuwa akisema kwamba kile kicheko ndicho kilichowaokoa, maana mtoto hawezi kufikiri mbele ya mtu mzima aliyenuna. Mwalimu akawaambia viazi na maharage vinakuja, wale taratibu, na kila mmoja awape wenzake alichonacho, toka mwanzo. Kisha akaondoka akawaacha.

Osmundi akaanza, mdomo umejaa kiazi. Akasimulia habari za Nambeya mfinyanzi, ambaye kila chungu chake kilipasuka motoni kwa sababu udongo wa kwao ulikuwa na mchanga. Na mama mkwe wake, mfinyanzi mkuu wa nchi ile, akawa anamsema kutwa kucha, mpaka siku moja akamtoa nje mbele ya watu akamwambia aondoke, asirudi mpaka apate udongo usiopasuka. "Na alikuwa na kokoto lake la kulainishia vyungu," akasema Osmundi, "la mama yake na bibi yake. Mtu akiligusa anapigwa mkono. Sasa mtu kama huyo atalia?"

Fidea alikuwa ameacha kula.

"Endelea, Yusta," akasema.

Yusta akaweka kidole juu ya goti, kama vile maneno yako pale. Akasema Nambeya alikwenda siku ya kwanza yote bila kufungua mzigo, kwa hasira. Usiku akaufungua atafute nguo ya kujifunika. Ndani ya nguo akakuta kokoto. Lilelile. Akaogopa, akadhani bibi ameliweka ili amwite mwizi. Akataka kulitupa mtoni, mkono ukakataa.

Osmundi akasema taratibu, "Alimpa?"

"Sijui," Yusta akasema. "Kwangu hakuna sababu. Kuna kokoto tu."

Gwido akapokea. Akasimulia miaka ya Nambeya ugenini, jinsi alivyoficha jina lake, alivyojifunza udongo wa watu, na kila chungu alichokisugua kwa lile kokoto kilitoka na mistari myembamba inayozunguka, kwa kuwa kokoto lilikuwa na ufa mdogo upande mmoja. Gwido alipokuwa akiisoma peke yake, mistari ile aliiona ni mapambo tu.

Ikabaki ngwe ya Fidea. Aliijua kwa moyo. Nambeya anarudi na chungu kimoja kichwani. Bibi sasa ni kipofu, anatunzwa na majirani. Hamtambui sauti. Anapewa chungu, anakipapasa kwa viganja, polepole, kuzunguka, kuzunguka. Kisha analia.

Fidea aliwahi kuisoma sehemu ile mara nyingi, akidhani bibi analia kwa kuwa ni mtu mwema na chungu ni kizuri. Safari hii alifika kwenye viganja, akaacha. Hakuweza kumaliza.

Yusta akammalizia. "Aligusa ule ufa," akasema. "Akajua ni kokoto lake. Kumbe hakumfukuza. Alimtuma."

"Alimfukuza mbele za watu ili asiweze kubaki," Osmundi akasema, na yeye, mtoto wa msituni, akageuza uso akajifanya anatazama kuku. "Kwa udongo ule angebaki mtu wa kuchekwa mpaka kufa. Nami nimemtukana bibi wa watu mwezi mzima."

Viazi vilipoa. Hakuna aliyevikumbuka.

Mchana waliposimama mbele ya watu, hawakuwa wale wa asubuhi. Bi Mahimbo aligonga kengele alipotaka, katikati ya sentensi, katikati ya neno, na mwingine akapokea bila kushtuka. Gwido alisimulia mwanzo, Fidea akasimulia njia, Osmundi akasimulia ugenini. Walikuwa wameipokea hadithi ile muda si mrefu, bado ilikuwa ya moto. Wapishi walisogea mlangoni na mwiko mkononi. Na kengele ya mwisho ikamwangukia Yusta.

Yusta hakuharakisha. Alikunja viganja vyake kama vimeshika chungu, akavizungusha hewani, na ukumbi mzima ukavifuata kwa macho. Aliposema bibi aligusa ufa, mama mmoja wa Mtulingo akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyeungua kidole. Bi Mahimbo mwenyewe aliinama kuandika alama, akakaa ameinama kwa muda mrefu kuliko alama zinavyohitaji.

Sasa mnangoja niwaambie walishinda. Hawakushinda. Mchana walipata alama zote, lakini asubuhi walikuwa wamepoteza nyingi, na hesabu haina huruma. Mtulingo wakalichukua sanduku. Fidea alipiga makofi kama alivyofundishwa, akatazama watu wawili wakilibeba hadi stoo, akasikia kufuli. Mwaka mwingine mtoni.

Wakati wa kuondoka Imelda aliwasindikiza. Walitembea, watoto mbele, wazazi nyuma wakizungumza bei za maharage. Imelda alitaka kuuliza jambo, akauliza. Walisomaje mpaka wakayajua yale ya machozi? Sisi, akasema, tulisoma pamoja kila jioni nyumbani kwetu, mmoja anasoma na wengine tunapukuchua maharage, na bado hayo tuliyapita. Fidea akamweleza yote, kisu cha ngozi, mfuko wa saruji, viazi. Hakuficha. Imelda alicheka, akasimama kucheka vizuri, na Fidea akajikuta anacheka pia. Kisha, kwa kuwa alikuwa amecheka, akamwambia na lile la kijana na fahali.

"Kile chenye gamba la kijani?" Imelda akasema. "Nimekisoma. Nikwambie kama alivuka?"

Fidea alisimama katikati ya njia. Mama yake, aliyekuwa nyuma, alisema baadaye kwamba alidhani mwanawe kakanyaga mwiba. Mwaka mzima. Neno moja tu, alivuka au hakuvuka, na lilikuwa pale mdomoni mwa mtu, bure.

Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko. Chini ya kitambaa alivihisi vile vitabu vinne vyembamba.

"Usiniambie," akasema.

"Kwa nini? Si unataka kujua?"

"Nataka. Lakini utanipa ngwe ya mwisho. Nilikuwa nayo ngwe ya mwisho ya huyu mfinyanzi, nikailima mpaka ikang'aa, na sikujua bibi analilia nini." Akafikiri kidogo. "Kitabu hakilimwi ngwe, Imelda. Bora nikianze upya."

Imelda akamtazama. Akamwambia kitabu hakiruhusiwi kutoka Mtulingo, lakini Fidea anaruhusiwa kuingia. Jumamosi kuna maharage ya kupukuchua kwao, debe kwa debe, na mikono haitoshi.

"Njoo," akasema. "Na uje na huyo anayesoma kwa kidole."

Walikwenda wote wanne. Walipukuchua maharage ya watu msimu mzima kwa ajili ya hadithi, na mama yake Imelda alikuwa akisema hajawahi kupata vibarua wa bei rahisi namna ile. Yusta ndiye aliyependwa kusoma, kwa sababu kwa mwendo wake kila mtu aliona mambo yote ya njiani.

Kuhusu kile kitabu cha mfinyanzi, Mzee Eliki alikishona tena. Alitia uzi wa nta mara mbili, mshono mnene kama wa kiatu cha kazi. Kipo ofisini kwa mwalimu mkuu, kina makovu matatu mgongoni, nanyi mnaweza kwenda kuyaona.

Na maneno yale? Mama yake Fidea aliyasikia njiani, akayabeba. Alipofika nyumbani akamkuta mumewe na shemeji zake wanagombana juu ya mtoto wa marehemu ndugu yao, nani atamlisha, nani atamvika, nani atamsomesha. Akawaambia kitabu hakilimwi ngwe. Wakamwuliza maana yake, akawaeleza, kama ninavyowaeleza. Mtoto akakaa nyumba moja, akawa na mama mmoja anayejua anapenda nini na anaogopa nini, na baba wakubwa na baba wadogo wakaja humohumo kumwona. Kutoka hapo msemo ukaenda wenyewe.

Ndiyo sababu shangazi alisema vile jana. Watoto wa Luvanda ni watoto wema, kila mmoja atalima ngwe yake, hospitali italipwa, shamba litalimwa, Jumapili mtu atapita. Mama atakuwa ametunzwa kila upande. Lakini nani atakuwa amemtunza? Nani atajua kwamba halali usiku, na kwa nini?

Naona mdomo wako, wewe mdogo, unataka kuuliza kama kijana wa mtoni alivuka. Ningeweza kukwambia. Fidea alinisimulia hadithi yote, siku nzima, tukipakia viazi. Sanduku siku hizi limerudi hapa shuleni, kitabu chenyewe kipo chini, upande wa kulia, gamba la kijani. Kakianze mwanzo. Kitabu hakilimwi ngwe.